Timu Aliyoichagua Baba Sebuleni Kwangu

Katika duka langu la vitenge hapa Bukavu kuna mabishano mawili yasiyokwisha. La kwanza ni la bei, na hilo nimelizoea. La pili ni kama baba yangu angeweza kufundisha mpira leo, au angeaibika mchana kweupe.

Baba ndiye aliyeijenga timu ya mtaa wetu, enzi ambazo uwanja ulikuwa umeinama kuelekea ziwani, na mpira ukitoka upande wa chini ilibidi mtu avue viatu akauogelee. Timu za Kadutu, za Bagira, hata za kule juu Miti, zilikuja zikiimba na kurudi kimya. Wanaume wenye vitambi na mvi, waliowahi kuchezea timu yake, bado wakipita mbele ya duka langu wananyanyua mkono na kuita, "Binti ya Coach!" Jina langu nadhani walishalisahau, kama walipata kulijua.

Vijana ndio wanaonitia hasira. Anaingia mmoja kumnunulia mama yake kitenge, anaona picha ya timu ukutani, anacheka. "Maman, ule muzee wenu na mpira ya sasa, bangemukula muzima." Ananieleza habari za video, za madaktari wa misuli, za makocha wa Ulaya wanaochora mishale kwenye kioo cha simu. Mimi si mtu wa kunyamaza. Kuna mmoja nilimnyang'anya kitenge mkononi nikakirudisha kwenye rafu, nikamwambia akanunue kwa hao makocha wa Ulaya. Mume wangu husema nitalifilisi duka kwa ajili ya mpira ambao sijawahi kuupiga.

Ukweli ni kwamba hata mimi nilijiuliza, ila sikutaka kulisikia swali hilo likitoka kinywani mwa mtu mwingine. Maana baba hakuwa na mishale. Alikuwa na sahani.

Kila Ijumaa kabla ya mechi wachezaji walikuja nyumbani kwetu. Mama alisonga bugali kubwa, akakaanga sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwani, akaviweka vyote kwenye sahani moja pana ya bati, katikati ya mkeka. Baba hakula. Aliketi kwenye kigoda karibu na mlango, redio mapajani, redio yenyewe haijawashwa, akiwa anaangalia mikono. Aliyesogeza sambaza upande wa mwenzake alicheza katikati. Aliyejijengea ukuta wa bugali asiingiliwe, huyo alikuwa beki. Aliyekula bila kumtazama mtu, akamaliza zake na za jirani, alipelekwa mbele kufunga mabao. "Ule hana haya," baba alisema, "na kule mbele haya ni ya nini?" Na aliyechelewa kula kwa kuwa alikuwa akifuata mikono ya wote, huyo alipewa glavu za kipa.

Watu wengi husimulia sahani ile kama somo la tabia njema. Hawakumwelewa baba. Yeye hakutafuta wema, alitafuta mtu alivyo, kisha akamweka mahali pake. Mlafi alimpenda sawasawa na mkarimu, almradi asimchezeshe beki.

Mimi nilikaa kwenye pembe ya mkeka na kipande changu cha bugali. Siku zile hakuna aliyefikiria kuwachezesha wasichana, lakini hilo halikunizuia kuuliza. Kila Ijumaa, wachezaji wakishaondoka, nilimvuta baba shati. "Na miye, papa? Utaniweka wapi?" Alijibu, "Nitaona." Alinijibu hivyo nikiwa na meno ya maziwa, na alikuwa bado ananijibu hivyo nilipoolewa.

Halafu siku moja wakubwa wa timu wakamwita, wakamtolea hotuba nzuri na chupa ya Fanta, wakamwambia mpira umebadilika na yeye sasa apumzike. Baba aliinywa ile Fanta mpaka ikaisha, akashukuru, akaenda zake. Mama alipofariki, akahamia Idjwi, kisiwa alichozaliwa, kwa dada yake mkubwa, kati ya mananasi na mbuzi.

Nina chumba chake hapa mtaani kwetu Nguba. Nimekipaka rangi, nimeweka kitanda, dirisha linaangalia ziwa. Goti lake la kushoto halikunjiki vizuri tena, na upepo ukichafuka juu ya maji nami najua yuko ndani ya boti, siwezi kukata kitambaa kikanyooka. Nilimtaka nyumbani. Sina namna nyingine ya kulisema. Nilimtaka aketi jikoni akinikosoa chumvi, agombane na wateja wangu, anizeekee karibu. Yeye alikuja Krismasi, akala, akabariki wajukuu, akaondoka. Nikimsihi alisema, "Nitafanya nini kwako? Kukaa ku kiti ya fotei, batu banapita bananiangalia sawa televizyo yenye haina courant ya umeme?"

Ndipo akaja kocha wa sasa.

Ni kijana mstaarabu, mwalimu wa mazoezi ya viungo shuleni, na simu yake imejaa video mpaka haiwezi tena kupokea picha. Aliingia dukani, akashika vitenge vitatu bila kuviona, akajikuna kichwa. Timu yake ilikuwa na vipaji kuliko mwaka wowote, alisema, lakini kila mchezaji alicheza kwa ajili ya kurekodiwa. Akipata mpira anatafuta kwanza rafiki yake mwenye simu amesimama wapi, kisha anaanza kupiga chenga. Walikuwa wameshapoteza mechi walizopaswa kushinda wakiwa wamelala. Na Jumapili ilikuwa zamu ya Kadutu.

"Maman, minaomba Muzee akuje atuchagulie timu," alisema. "Match moja tu."

Nilimpigia baba palepale, kocha akiwa amesimama mbele yangu ameshikilia kitenge kama leso. Mtandao wa Idjwi ulikuwa unakuja na kuondoka, nikapaza sauti mpaka duka la jirani nalo likajua habari. Baba alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nitakuya," alisema mwishoni. "Lakini unisikie muzuri. Kama mpira ingali inanitaka, nitakaa kwako, mu ile chumba unanipigiaka nayo kelele. Kama hainitake tena, kesho yake ya match, lundi, nachukua boti. Na hautaniomba tena hata siku moja. Tumeelewana?"

Nikasema tumeelewana. Nilipokata simu nilianza kukunja kitenge ambacho tayari kilikuwa kimekunjwa. Kocha akauliza kama kuna tatizo. Nikamwambia hakuna, ila akipoteza mechi hiyo asipite tena mtaa huu.

Baba alishuka bandarini Alhamisi, amevaa koti lake la kahawia, begi mkono mmoja na nanasi mkono wa pili. Nilipotaka kupeleka begi chumbani alilichukua na kuliweka chini, karibu na mlango wa mbele. Nikaomba simu yake, ile ndogo ya tochi, niwe nayo tayari umeme ukirudi. Hatukuwa na umeme tangu juzi yake. "Acha," alisema. "Nitachaji Idjwi, ku sola ya dada." Nikaliangalia lile begi pale mlangoni, nikaiona Jumatatu imeketi juu yake.

Ijumaa nilisonga bugali kama mama alivyosonga. Nilikaanga sambaza mpaka nyumba nzima ikanukia utoto wangu. Sahani ile ya bati niliitoa juu ya kabati, nikaisugua, nikaiweka katikati ya mkeka sebuleni. Vijana wakaingia, wakubwa, warefu, mmoja nywele zake amezipaka rangi ya dhahabu, wote wakanawa mikono vizuri kama watu waliofundishwa na magonjwa. Mmoja aliuliza kwa adabu kama kuna uma. Baba akaketi kwenye kigoda karibu na mlango, redio mapajani.

Na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa namna ambayo hakuna aliyeitarajia.

Walikuwa wanajua. Mtaa mzima unaijua hadithi ya sahani, wamelelewa nayo, baba zao wameisimulia kwenye kila msiba na kila harusi. Kijana wa kwanza akachukua sambaza moja, akamwangalia baba kwa pembe ya jicho, akaisogeza kwa jirani yake. Jirani akashukuru, akaisogeza mbele. Wa tatu naye akaisogeza. Mwenye nywele za dhahabu, ambaye nilisikia huwa hatoi pasi hata kwa mama yake, alichukua kiganja kizima cha sambaza akamgawia kila mtu, akitabasamu kama padri anayegawa picha za watakatifu. "Kula, ndugu." "Hapana, kula weye." "Siko na njaa, kaka, kula." Samaki walizunguka ile sahani, wakazunguka tena, wakapoa. Kila mtu alitaka kucheza katikati. Niliporudisha sahani jikoni ilikuwa nzito kama nilivyoileta, na hao vijana wote walikuwa na njaa ya kufa.

Nilicheka jikoni mpaka nikashika meza. Kisha nikakumbuka begi, kicheko kikakatika.

Nilimkuta baba nje, ameketi kwenye ngazi za nyumba, akiangalia ziwa. Kule mbali Idjwi ilikuwa imelala juu ya maji, ya kijani, inaonekana vizuri kuliko nilivyopenda.

"Banajua," alisema.

"Banajua, papa."

"Mutu akijua unamuangalia, haumuone tena." Aliigeuza redio mikononi. "Ni miye mwenyewe niliharibu. Ningenyamaza tu wakati ule, leo ningekuwa na kazi."

Nilitaka kumwambia kitu cha kumfariji, lakini nilijawa na uchungu, na nikiwa na uchungu mimi hugombana. Nikamwambia basi atafute sahani nyingine, maana mtu hawezi kuvuka ziwa zima kuja kukaa kwenye ngazi. Yeye akaendelea kuigeuza redio. Nilikuwa najiandaa kusema jambo baya zaidi wakati Nguba nzima ilipopiga ukelele mmoja.

"Courant!"

Msiokaa Bukavu hamwezi kuelewa. Umeme ukirudi baada ya siku mbili, hakuna mtu mstaarabu. Watoto wanapiga kelele, pasi za nguo zinatafutwa, mashine za kusaga zinaanza kunguruma, na kila mwenye simu anakimbia. Vijana wangu kumi na kadhaa waliruka kutoka kwenye mkeka. Karibu na televisheni yangu kuna ralonji, ule waya mrefu wenye matundu ya kuchomekea, na matundu yake ni machache. Simu zilikuwa nyingi, na zote zimekufa au ziko mahututi.

Niliingia ndani kwa kasi, mdomo wazi, kuwaonya wasiangushe televisheni yangu. Baba akanishika mkono pale mlangoni.

"Nyamaza," alisema polepole. "Angalia."

Nikaangalia. Mwenye nywele za dhahabu alifika akiwa amechelewa, akakuta matundu yamejaa, akachomoa chajeri ya mtu bila hata kuuliza ni ya nani, akachomeka yake, akaanza kupiga mluzi. Wawili walisimama bega kwa bega mbele ya ralonji na kufunga njia, hapiti mtu. Kijana mmoja mwembamba, mkimya, ambaye wakati wa chakula sikuwa nimemwona hata kidogo, alitazama simu yake ikianza kuwaka, akatazama ya jirani iliyokuwa bado giza, akachomoa ya kwake akampisha. Kisha akapewa nafasi na mwingine, naye akampisha wa tatu. Hakumtazama mtu. Baba hakuwemo akilini mwake. Na mmoja mfupi, simu yake ikiwa bado mfukoni, alikuwa amepiga magoti akishikilia waya usikanyagwe, akisema, "Yako imeingia. Yako bado. Wewe, toa muguu."

Sikuhitaji kuambiwa. Nilimgeukia baba, naye alikuwa anatabasamu kama mtu aliyekutana na rafiki wa zamani kwenye foleni.

"Katikati," nilisema, nikimwonyesha yule mwembamba kwa kidevu.

"Njo ule," alisema baba, akikubali kwa kichwa.

Kocha alipoisikia timu alizikuna zile nywele zake fupi mpaka nikazihurumia. Yeye alikuwa amemweka benchi yule mwenye nywele za dhahabu wiki nzima kwa sababu ya uchoyo. "Sasa umutoe ku banc," baba alimwambia. "Uchoyo yake tutaitumikisha." Yule mfupi aliyeshika waya, baba alitaka asimame golini. "Muzee, ni mufupi sana." "Anaonaka kila mutu." Kocha akakubali, kwa kuwa alikuwa ameomba mwenyewe na kwa kuwa baba alikuwa baba. Kitu kimoja tu kilimshangaza baba katika mpira wa leo: alipoambiwa kwamba sasa unaruhusiwa kubadilisha wachezaji watano. "Cinq?" aliuliza. "Cinq nzima? Na muko munapoteza?"

Jumapili, baada ya misa, watu walijaa uwanjani kuliko siku zote, maana habari ya baba ilikuwa imeshafika sokoni. Wale wa vitambi, wachezaji wake wa zamani, walikuja wote. Baba alitazama uwanja akakunja uso. Wameusawazisha siku hizi, haujainama tena. "Bameniharibia muchezaji wa kumi na mbili," alisema. Nilisimama nyuma ya benchi na mwavuli wangu, nikiomba rozari ambayo sehemu kubwa yake ilikuwa matusi.

Kadutu walifunga mapema. Mpira wa kona, mtu wao mrefu akaruka, akapiga kichwa juu kabisa ya mikono ya kipa wetu mfupi. Tulirudisha bao, na ilikuwa pasi ya yule mwembamba, pasi ambayo mimi niliyeangalia mpira maisha yangu yote niliiona ikishafika tu. Wale wa vitambi wakakumbatiana kama waliolifunga wao. Kisha kona nyingine, mrefu yule yule, kichwa kile kile. Mbili kwa moja. Watu wa Kadutu wakaanza kuimba wimbo wenye neno "muzee" ndani yake, na haukuwa wa heshima.

Mapumziko yalipofika wachezaji walimzunguka baba. Alianza kusema kwamba mfupi ataruka mapema zaidi, wala hakumaliza.

"Hapana, Muzee!" Kocha alikuwa amesimama mbele yake, simu mkononi, jasho usoni. "Hapana. Ule petit mufupi hawezi baki mu goli. Umekosea."

Vijana wote wakaangalia viatu vyao. Sikumbuki kama kuna mtu aliyewahi kumwambia baba neno lile, mama tu, tena jikoni. Mkono wangu ulikaza kwenye mwavuli, na ninakiri kwamba nilikuwa nimeshachagua mahali pa kumpiga kocha.

"Nimekosea?" baba aliuliza.

"Umekosea, Muzee. Anaonaka kila kitu, ni kweli, lakini hafike. Angalia." Akamwonyesha simu. "Na hapa, ku kushoto yao, bek yao anapandaka, harudie. Petit tumuweke pale. Kule kuona yake itatusaidia."

Baba akaisogeza simu mbali na macho, akairudisha karibu, akaisogeza tena. "Rudisha nyuma," alisema. "Hapo. Tena." Kisha wakaanza kubishana. Walibishana kama mimi na wateja wangu, mikono hewani, huyu anamkata yule, yule anamvuta huyu koti, mpaka mwamuzi akapuliza filimbi nao hawajamaliza. Kipa wetu wa kawaida akarudi golini. Mfupi akaenda pembeni.

Bao la kusawazisha lilikuja mwishoni, na sijui niliite la nani. Mfupi aliona nafasi pale pembeni, akapita, akaurudisha mpira kati. Mmoja wetu akaudhibiti vizuri, akajiandaa kupiga, na mwenye nywele za dhahabu akaja mbio akauchomoa miguuni mwa mwenzake yeye mwenyewe, akafunga. Mwenzake alilalamika akiwa anashangilia. Uwanja ukapasuka. Mbili kwa mbili, na filimbi ya mwisho ikalia hivyo.

Sare. Mtaa uliimba kama umeshinda, lakini mimi sikuimba. Katika makubaliano yangu na baba kulikuwa na kutakiwa na kutotakiwa, hakukuwa na sare. Naye alikuwa amekosea mbele ya watu wote, akakosolewa na kijana, mwenye simu juu ya hayo. Tukapanda kilima kurudi nyumbani, yeye amenishika bega kwa sababu ya goti. Nilikuwa namjua baba, nilijua anapanga maneno ya kuagia. Mlangoni tulilipita begi. Sikuliangalia.

Nilipika chai. Nikamkatia nanasi lake mwenyewe. Mwisho nikashindwa kunyamaza.

"Papa, ule kocha atakuomba musamaha. Kama hatakuomba, miye nitamuonyesha."

"Musamaha ya nini?"

"Amekuambia umekosea. Mbele ya batu."

Baba akaweka kikombe chini. Akaanza kucheka, kwanza na mabega tu, kisha na mwili mzima, mpaka machozi yakamtoka akayafuta kwa kofia.

"Unajua ni miaka ngapi hakuna mutu ananikatalia?" alisema. "Tangu mama yako. Minasema neno, batu banasema, 'Ndiyo, Muzee.' Minasema upuuzi, 'Ndiyo, Muzee.' Kule Idjwi hata mbuzi zinanikubalia. Banakuheshimu mpaka unakufa ungali muzima. Ule mutoto amenipigia kelele sawa vile mutu anapigia kelele mwenzake wa kazi." Akachukua kipande cha nanasi. "Na alikuwa na haki. Petit ni mufupi."

Nilifungua mdomo niulize, nikaogopa kuuliza. Kabla sijapata ujasiri, Nguba ikapiga ukelele wake, taa ya jikoni ikawaka, na watoto wangu wakanipita mbio kuelekea sebuleni na simu zao. Tulipofika ralonji ilikuwa imejaa. Simu yangu nayo ilikuwa pale, niliiacha imechomekwa tangu umeme ulipokatika tena asubuhi, kwa matumaini.

Baba akainama kwenye begi lake pale mlangoni. Akapekua chini ya mashati, akatoa chajeri ndogo nyeusi, waya umezungushwa vizuri na uzi. Akatoa na ile simu ya tochi. Akasimama mbele ya ralonji akitafuta tundu.

Nilielewa. Nikaruka, nikachomoa simu yangu haraka hata kabla hajageuka, nikampisha. Nami, mwanamke mzima, mama wa watoto, mwenye duka, nikamwangalia usoni kama nilivyomwangalia kwenye mkeka ule.

"Umeona? Na miye, papa? Utaniweka wapi?"

"Ile haihesabiwe," alisema baba. "Unajua minaangalia."

Alichomeka simu yake, akangoja mpaka taa yake ndogo ikawaka, kisha akajishikilia ukutani akanyooka.

"Weye hata zamani sikukuona. Bale bote baliangalia samaki. Weye uliniangalia miye." Aliichukua simu yangu mkononi mwangu, akaiweka juu ya televisheni ingoje zamu yake. "Mahali yako ni ku banc, pembeni yangu. Kesho kutwa, mardi, tuko na mazoezi. Ufunge duka mapema."

Nilibeba begi lake nikalipeleka chumbani.